Barua ya wazi kwa wakubwa wa sanaa na mifugo: tufungulieni njia ya albamu ya punda

Waheshimiwa mnaosimamia utamaduni na sanaa, waheshimiwa wa mifugo, na ndugu zetu wa BASATA mnaotoa vibali vya sanaa na COSOTA mnaoshughulikia hakimiliki, shikamooni wakubwa na wengine wote salaam.

Nimeamua kuiandika hii barua hadharani mana jambo lenyewe lina muda wake na nikiipeleka kwa bahasha najua itazunguka meza hadi meza. Mimi ni prodyuza wa muziki huku Singida, studio ndogo tu, wanakuja vijana wa bongo fleva na singeli, zinakuja kwaya, wanakuja watu wa kaswida, wote tunafanya nao kazi. Kuna wasanii wako tayari kutoa nyimbo zao bure kabisa, yani hata nauli hawadai, itoke albamu moja ya hisani na hela yake yote iende kwa punda. Nyimbo tunazo na studio ipo. Kinachokosekana ni njia ya hela kutoka kwa msikilizaji mpaka kwa mnyama bila kumegwa kila kituo na bila watu kuishia kuulizana imeenda wapi, na hiyo njia wa kuifungua ni nyie.

Niseme kwanza kwanini punda, mana najua mtu akisikia wanyama na Tanzania akili inakimbilia Serengeti. Tembo wetu walisemewa na walistahili, tulikuwa nao kama 109,000 mwaka 2009, ilipofika 2014 wamebaki kama 43,000, na ndo pale ikaja kampeni ya Ujangili Unatuumiza Sote ambayo shirika la WildAid na wenzao waliwaita wasanii, Ali Kiba akawa balozi, sura za mastaa zikawa kwenye mabango, na watu wa kawaida ambao hawajawahi kukanyaga hifadhi wakaanza kuongelea pembe za ndovu kama jambo linalowahusu. Mimi hapo niliona kwa macho yangu nguvu ya msanii, kitu ambacho hotuba mia hazikifanyi. Sasa punda hana mtalii wa kuja kumpiga picha, hana hifadhi wala askari, na ndiye anayebeba maji ya nusu ya vijiji vya kanda hii ya kati, ndiye anayetoa mahindi shambani, ndiye anayepeleka mzigo gulioni ambako hata bodaboda wakati wa masika haifiki.

Njooni siku ya gulio mpite pale wanapofungwa punda. Msiangalie mkokoteni, angalieni juu ya mabega pale mti wa nira unapokaa. Manyoya yameisha, ngozi imekuwa ngumu kama soli ya ndala, katikati kuna kidonda kibichi chenye nzi, na kesho asubuhi mti ule ule unawekwa juu ya kidonda kile kile. Hii ina sababu yake na sababu yenyewe ukielezwa unashangaa ilivyo rahisi: nira ni chombo cha ng'ombe, ng'ombe ana nundu na anasukuma kwa pale, punda hana nundu, nguvu yake iko kifuani, kwahiyo ukimfunga nira unamsugua mfupa tu na nusu ya nguvu yake inapotea bure. Anachotakiwa ni mkanda mpana wa kifuani, unaweza kushonwa kwa gunia na turubai kuukuu ukajazwa nguo laini ndani, fundi yeyote wa viatu wa hapo hapo gulioni anaweza kuushona akionyeshwa mara moja. Wa kubeba mgongoni naye ni hivo hivo, akiwekewa shogi zuri na kitu kinene chini yake hapati kidonda, akifungwa madumu kwa kamba ya manila tupu anakatika nyama.

Na mwenye punda msimuone katili. Wengi ni akina mama na vijana ambao punda ndio mtaji wao wote, anampenda ila hajui, au anajua ila hela ya dawa ya minyoo na hela ya unga inatoka mfuko mmoja. Tumelelewa na msemo wa punda afe mzigo ufike, na kweli punda wanakufa, wanakufa wakiwa na umri ambao wangetakiwa bado wana miaka mingi mbele.

Alafu likaja hili la ngozi. Wachina wana dawa yao ya asili inaitwa ejiao, inatengenezwa kwa kuchemsha ngozi ya punda mpaka inatoka gundi, soko likawa kubwa kuliko punda walionao kwao, wakaja Afrika. Huku kwetu machinjio yakafunguliwa Shinyanga na Dodoma, Kenya wao kuanzia 2016 yakawa manne. Kilichotokea Kenya kila mtu wa mifugo anakijua, sensa ya 2009 ilihesabu punda kama milioni 1.8, ya 2019 ikakuta kama milioni 1.2. Watu walikuwa wanaamka asubuhi wanakuta kamba imekatwa, wanafuata damu wanakuta mzoga porini umechunwa ngozi tu nyama imeachwa. Na punda sio mbuzi kwamba utazalisha wengine haraka haraka, mimba yake inachukua kama mwaka mzima na anazaa mtoto mmoja, ukichinja kwa kasi ya kiwanda hakuna namna watarudi.

Serikali yetu mlifanya jambo jema, nawapongeza bila kusita, Desemba 2021 mkatangaza kusimamisha uchinjaji kwa miaka 10. Kenya walipiga marufuku Februari 2020, mahakama kuu ikaitengua 2021, wakabaki kwenye vuta nikuvute. Desemba 2022 mkutano wa Afrika nzima kuhusu punda ukafanyika hapa hapa Dar es Salaam, na Februari 2024 kule Addis Ababa wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika wakapitisha marufuku ya bara zima ya kuchinja punda kwa ajili ya ngozi. Hayo ni makubwa. Ila miaka 10 kuanzia 2021 ni 2031, hapo sio mbali, na siku hiyo ikifika kama mwananchi bado anamuona punda ni kitu cha kupigwa na kutupwa basi mfanyabiashara atarudi na bei nzuri na hakuna atakayempinga. Marufuku inazuia kisu tu. Kumfanya mtu amthamini mnyama wake ni kazi nyingine, na hiyo kazi muziki unaiweza sana.

Hili sio wazo nililolitoa kichwani kwangu. Marekani mwaka 1991 ilitoka albamu inaitwa Tame Yourself, lebo ilikuwa Rhino, ilikuwa ya kusaidia shirika la kutetea wanyama la PETA, na humo ndani wamo The B-52's, Pretenders ya Chrissie Hynde, Belinda Carlisle, Howard Jones, Indigo Girls wakiwa na Michael Stipe wa R.E.M. Hao walikuwa watu wenye majina kweli kweli, wakaweka nyimbo zao pamoja, na ujumbe ukaingia masikioni mwa vijana ambao wasingesoma kipeperushi hata siku moja. Haikuwa rahisi wakati ule, mwaka mmoja kabla yake mwanamuziki k.d. lang alitokea kwenye tangazo la kupinga ulaji wa nyama na yeye ametoka Alberta kule Kanada, jimbo la wafugaji, redio zikaacha kupiga nyimbo zake. Kwahiyo msanii anayesimama na mnyama anaweza kuumia mfukoni. Sisi hatuombi watu waache nyama, Singida hii bila kuku wa kienyeji tutaongea nini, tunaomba mnyama anayetufanyia kazi afanye kazi bila kidonda. Sidhani kama kuna redio itatufungia kwa hilo.

Ila kinachonitia wasiwasi mimi ni hela, na hapo ndipo naomba mnisikilize vizuri zaidi.

George Harrison wa Beatles na mwanamuziki wa Kihindi Ravi Shankar tarehe 1 Agosti 1971 walifanya tamasha la Bangladesh pale Madison Square Garden, New York, kwa ajili ya wakimbizi, likatoka na albamu ya sahani tatu, watu wakanunua kwa wingi dunia nzima. Pesa za mlangoni zilikwenda UNICEF. Pesa nyingi za albamu na filamu zikakwama kwa watu wa kodi wa Marekani kwa sababu shirika la kupokea halikuwekwa kwenye makaratasi mapema kabla ya tamasha, na suala la kodi likakaa miaka kama kumi. Fikiria, mtoto aliyekuwa na njaa 1971 hela yake inakuja ameshakuwa kijana, kama yupo. Na mwaka 1984 mwanamuziki Bob Geldof na wenzake walivyotoa ule wimbo wa Band Aid kwa ajili ya njaa ya Ethiopia, serikali ya Uingereza ya Thatcher mwanzoni ilikataa kusamehe VAT, watu wakapiga kelele, mwishowe serikali ikarudisha kiasi sawa na ile kodi kwenda kwenye msaada. Kwahiyo wenye majina makubwa duniani, wenye mawakili na mameneja, walikwama kwenye karatasi. Sisi wa Singida tutapona vipi bila nyie kutushika mkono mapema kabla albamu haijatoka?

Na huku kwetu yameshatokea. Kuna wimbo wa hisani tulirekodi miaka ya nyuma kwa jambo lingine kabisa, sitamtaja mtu wala taasisi, wasanii walikuja kwa moyo mmoja, dada mmoja aliimba huku ana mtoto mgongoni mana hakuwa na wa kumuachia, wimbo ukapigwa kila kona, na mpaka leo hakuna kati yetu anayejua ilipatikana shilingi ngapi na ilikwenda wapi. Sisemi iliibiwa. Nasema hakuna aliyeandika mahali pa kuangalia, na matokeo yake ukimuita msanii leo kwenye jambo la hisani swali lake la kwanza ni nani anakula. Yule dada nimemuomba aimbe kwenye hii ya punda, amekubali, ila kaniambia safari hii nataka kuona karatasi. Ana haki.

Sasa ninachoomba. Kibali kiwe kimoja kwa albamu nzima, isiwe kila msanii anahangaika na lake, na ada zisamehewe kwa kazi ambayo imeandikwa tangu mwanzo kuwa ni ya hisani. COSOTA tusaidieni kusajili nyimbo zote kwa pamoja, na kwenye mgao badala ya jina la msanii na asilimia zake pawe na jina la mfuko, yani mtunzi anabaki mtunzi na heshima yake, ila mrabaha unakwenda moja kwa moja kwenye mfuko usipitie kwa mtu yeyote, mimi nikiwemo. Watu wa hazina nao waitwe mezani mapema, suala la VAT na kodi ya zuio limalizwe kwa barua kabla albamu haijatoka, tusije tukaanza kuandikiana baada. Na akaunti iwe na wasaini kutoka pande tofauti, msanii mmoja, daktari wa mifugo mmoja, mtu wa serikali mmoja, na kila miezi mitatu hesabu ibandikwe hadharani, kilichoingia kutoka kwenye kustrimu, kilichoingia kwenye miito ya simu, kilichotoka kimenunua nini na wilaya ipi. Ikiwa laki tatu tuone laki tatu. Mtu haoni aibu kuchangia kidogo, anaona uchungu kuchangia asione.

Hapo kwenye miito ya simu nawaomba mtie nguvu kabisa, mana huku kwetu msikilizaji wa kijijini hana bando la kustrimu, ila muito wa simu anauweka na anakatwa kidogo kidogo, na kila msanii anajua kwenye ile shilingi kinachomfikia yeye ni kipande. Kampuni za simu zikiombwa na kijana mwenye studio zitajibu tutawasiliana nawe, zikiitwa na waziri zikaombwa zipunguze sehemu yao kwa nyimbo hizi tu na kwa muda maalum, hapo watasikiliza. TBC nao watupe nafasi, hata dakika chache baada ya taarifa ya habari.

Kwa upande wa mifugo, jamani, hela hii isiende kwenye semina na posho. Nasema kwa heshima ila nasema. Iende kwenye dawa ya minyoo, iende kwenye kukata kwato mana kwato zikirefuka punda anatembea kama anakanyaga miiba, iende kwa mafundi wa viatu na mafundi wa mikokoteni wafundishwe ule mkanda wa kifuani na walipwe kwa kila wanaoushona. Mfano mzuri upo hapo Lamu kwa jirani zetu Kenya, mji ambao mizigo karibu yote inapita vichochoroni kwa punda, mawe ya matumbawe, saruji, mchanga, mapipa ya takataka, The Donkey Sanctuary ya Uingereza walifungua kituo cha matibabu pale mwaka 1987, punda akaletwa akatibiwa bure. Ukimtibu mnyama wa mtu bure mara ya kwanza, mara ya pili anakuja mwenyewe kabla kidonda hakijawa kikubwa. Hicho kitu hakuna sababu kisiwepo Singida, Manyara, Dodoma, Shinyanga.

Sheria tunayo, Sheria ya Ustawi wa Wanyama ipo tangu 2008, inakataza ukatili na haibagui kati ya mnyama wa porini na wa nyumbani. Waulizeni watu mtaani kama wanaijua. Wimbo mmoja wenye kiitikio kizuri utaifikisha sheria hiyo mahali ambapo gazeti la serikali halitafika milele, na kwenye albamu yetu kuna kijana wa singeli ameandika vesi nzima kuhusu mzigo uliozidi, anataja madumu, anataja mlima, anataja punda anavyopiga magoti, watoto waliokuwa nje ya studio walikuwa wameshaishika kabla hatujamaliza kurekodi.

Nimeshaulizwa, na najua mtaniuliza na nyie, watu wana shida zao hospitali hazina dawa wewe unaimbia punda? Nimelifikiria hilo sana na jibu langu ni kwamba ukimtoa punda kwenye nyumba ya kijijini mzigo haupotei, unahamia kichwani kwa mama na kwa binti. Waliopoteza punda wakati wa machinjio walirudi kubeba maji wenyewe, binti akachelewa shule, mama akashindwa kufika gulioni na nyanya zake zikaozea nyumbani. Kumtibu punda kwato ni kumlinda yule binti. Sijui kama naweza kulisema wazi zaidi ya hapo. Na hata tukimuweka pembeni binadamu, punda mwenyewe anaumia, anasikia maumivu kama unavyosikia wewe, anatetemeka ukikaribia kidonda chake, hilo peke yake kwangu linatosha kuimba.

Wengine wameomba mbwa nao waingie kwenye albamu, ile habari ya kuzunguka mitaani kuwapiga risasi kila kukitokea kichaa cha mbwa, wakati wataalamu wanasema ukichanja asilimia 70 ya mbwa ugonjwa unakatika na kule pembezoni mwa Serengeti chanjo hiyo imefanyika miaka na miaka. Mimi nawakubalia, ila nimewaambia tuanze na punda, tukithibitisha kuwa hela inafika ndio tufanye ya pili.

Tarehe 4 Oktoba ni Siku ya Wanyama Duniani, tungependa albamu itoke siku hiyo. Ili iwezekane kibali, barua ya kodi na akaunti viwe vimekamilika angalau miezi mitatu kabla, mana kupandisha nyimbo kwenye mitandao na kuzisajili kunataka muda. Tunaomba mtupangie kikao kimoja tu ambacho pande zote zipo chumba kimoja, sanaa, mifugo na hazina, sio leo tunaenda huku kesho tunaambiwa nendeni kule. Tutakuja Dodoma kwa gharama zetu, tutakuja na demo za nyimbo saba ambazo zimeshakamilika, tutakuja na fundi viatu wetu na ule mkanda wa kifuani aliouanza kushona muushike kwa mikono yenu, na yule dada naye atakuja kuiona karatasi.

Wenu,
Prodyuza, kwa niaba ya wasanii wa albamu ya punda, Singida